Stelingi wa Miaka Tisa

Katika majumba ya senema ya Unguja palikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, ataangushwa na farasi wake, lakini mtazamaji wa Majestic au wa Cine Afrique alikaa kitini akijua kwamba mtu yule atamaliza filamu akiwa mzima. Tulipomwona Amitabh Bachchan akifa katika Sholay, ile filamu ya mwaka 1975, tulihisi tumedhulumiwa, na faraja yetu ikawa kwamba Dharmendra amebaki. Nimekumbuka sheria hiyo kwa sababu ya filamu ya Supa Modo, ambayo tangu mwanzo inamweka mbele yetu stelingi tunayejua kuwa atakufa, kisha inatutaka tumshangilie hata hivyo.

Supa Modo ni filamu ndefu ya kwanza ya Likarion Wainaina wa Kenya, nayo ilitoka mwaka 2018. Kusema "ndefu" ni kwa mujibu wa desturi tu, maana ni dakika 74. Ilizaliwa katika mradi wa mafunzo wa One Fine Day Films, ulioasisiwa na mwongozaji wa Kijerumani Tom Tykwer pamoja na Marie Steinmann, mradi uliokwisha kutupa Soul Boy ya Hawa Essuman mwaka 2010 na Nairobi Half Life mwaka 2012. Haina kisa cha mapenzi, haina tajiri mwovu, na haina mchawi. Hilo la mchawi nalitaja kwa makusudi. Katika filamu nyingi za video tulizozizoea, mtoto akiumwa basi upo mkono wa mtu, na saa nzima itapita katika kuutafuta. Humu hapana wa kulaumiwa. Jo, anayeigizwa na Stycie Waweru, ana umri wa miaka tisa na maradhi yasiyo dawa, na mama yake anamtoa hospitali ili siku zilizobaki azimalizie nyumbani, katika kijiji kiitwacho Maweni. Mwenyewe kinachomshughulisha ni mashujaa wa kwenye filamu, wale wanaoruka angani na kupiga watu kumi kwa teke moja. Anataka kuwa mmoja wao.

Dada yake, Mwix, ndiye anayeanza. Anamfanya Jo aamini kuwa anaweza kukisogeza kitu mezani kwa nguvu ya akili yake. Kutoka mezani mchezo unatoka nje, na mwisho kijiji kizima kinaingizwa ndani yake: Jo akiusimamisha wakati, watu wazima wenye shughuli zao wanaganda walipo, mguu juu, mkono juu, mpaka atakapowaachia. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi. Inachekesha, na ghafla inaacha kuchekesha, maana mtazamaji anatambua kwamba wakati ndicho kitu pekee ambacho watu wale hawana uwezo wa kumsimamishia mtoto huyu, na kwamba wanalijua hilo wakiwa wamesimama kama magogo.

Wapo watakaosema, na miongoni mwao ni watu ninaowaheshimu, kwamba huku ni kumdanganya mgonjwa, na uongo ni uongo hata ukipakwa asali. Niliitazama filamu hii barazani kwetu pamoja na watoto wa jirani, na swali la kwanza lilitoka kwa mvulana wa kama miaka minane: "Kwani mwenyewe hajui?" Sikumjibu, kwani wenzake walikwisha kuanza kubishana. Kwa usomaji wangu, Jo anajua. Mtazameni macho yake kila muujiza unapotimia: yana furaha, lakini yana pia ile shukurani ya mtu aliyepewa zawadi akaona jasho la aliyeinunua. Bibi zetu walipoanza hadithi kwa "Paukwa!", sisi tulijibu "Pakawa!" kabla ya kusikia neno jingine lolote. Aliyejibu pakawa hakudanganywa na mtu. Ameingia katika mapatano. Maweni yote inamjibu Jo pakawa. Anayeuita huo uongo itambidi autie katika mizani hiyo hiyo na ushairi wetu, na sijui utabaki na beti ngapi.

Nimemfikiria pia Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo, baada ya kuchomwa kitovuni sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, alikwenda kisimani akapiga goti, mshale tayari katika uta, na akafa katika hali hiyo. Watu wa mji wakawa hawathubutu kuteka maji, wakidhani bado yu hai. Shujaa yule amekufa na mji haujui. Wa Maweni yu hai na mji unajua atakufa. Pale hofu iliwaweka watu mbali na kisima. Hapa kitu kingine, ambacho sitaki kukipa jina upesi, kinawasogeza watu kwa mtoto ambaye aghalabu wangemkwepa. Maana tusidanganyane: huwa tunamkwepa mtoto anayekufa. Tunapeleka matunda, tunasema atapona inshallah, tunaondoka.

Mama yake, Kathryn, ambaye ni mkunga, hautaki mchezo huu. Anataka Jo apumzike, abaki ndani, asichoke. Filamu dhaifu ingemfanya adui. Wainaina hakumfanya hivyo, nami namshukuru. Mdogo wangu alifariki kabla hajatimia miaka minane. Idi yake ya mwisho alikuwa kitandani katika nyumba yetu ya Kikwajuni, na sauti za viwanja vya sikukuu vya Mnazi Mmoja, ngoma na vipenga na makelele ya watoto, zikiingia dirishani moja kwa moja. Aliomba apelekwe. Wakubwa walikutana ukumbini, wakazungumza kwa sauti ya chini, wakaamua asende: vumbi, jua, msongamano wa watu. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na kila aliyeitoa alikuwa akimpenda. Aliletewa puto. Kwa hiyo ninapomwona Kathryn amesimama mlangoni namwelewa, na ninapomwona Mwix akimtoa mdogo wake nje nataka mlango ufunguke.

Kama mfasiri, nimemwangalia zaidi Mike, kijana mwenye kibanda cha kuonyeshea filamu pale kijijini, anayewasimulia watazamaji kinachopita katika kioo. Watu wa aina yake tunawajua. Lufufu wa Dar es Salaam alizipitishia sauti yake filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani mpaka wengi wakaona asili yake ni Kiswahili. Wasomi waliwacheka wasimulizi hao, ilhali ndio waliofanya kazi yetu mbele ya hadhira isiyosamehe. Haishangazi kwamba Mike ndiye anayekuja kuwa msaada kijiji kinapoamua kutengeneza filamu yake chenyewe, stelingi akiwa Jo. Mwana Kupona, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimwachia bintiye utenzi. Mtoto wa miaka tisa hana wosia wa kumwachia mamake, ana filamu.

Sikuupenda muziki wa nusu ya pili, unaotushika mkono na kutuambia lieni sasa, na mapambo ya huruma yangepunguzwa kidogo. Lakini lugha yao ni tamu: Kiswahili cha bara kilichochanganyika na Kikuyu na Kiingereza, kikisemwa na watu ambao hawajali kama kamusi inawasikia. Katika tamasha la Berlin la 2018 waliolipa neno la sifa ni baraza la waamuzi watoto, na mwaka huo huo Kenya ikalipeleka jina lake kushindania Oscar.

Barazani kwetu, filamu ilipomalizika, palikuwa kimya kwa muda. Kisha yule mvulana akaomba niirudishe pale watu wote wanapoganda. Nikairudisha. Alisimama mbele ya kompyuta akaganda nao, puani akipumua kwa siri, mpaka Jo alipowaachia.