Kusikiliza Riwaya Nako ni Kusoma

Wako walimu wenzetu wanaoshikilia kwamba kitabu kilichosikilizwa hakikusomwa. Kwamba aliyesomewa ni sawa na aliyetafuniwa chakula. Hoja hiyo si ndogo. Tukiikubali, itatubidi tuseme kwamba mwanafunzi asiyeona, ambaye hakupata kitabu cha nukta nundu, hajasoma kitu hata akisikiliza maktaba nzima. Sisi tuliamua kuipima hoja hiyo kwa riwaya ngumu, wala si kwa hadithi nyepesi.

Tuliichagua Dune, riwaya ya kisayansi ya Mmarekani Frank Herbert, iliyotoka mwaka 1965. Yasimulia habari za Arrakis, sayari ya jangwa ambako maji ni adimu kupita kiasi, na za kijana Paul Atreides anayekimbilia kwa Fremen, watu wa jangwani, baada ya ukoo wake kusalitiwa na baba yake kufa. Usomaji wake kwa sauti, katika Kiingereza, huchukua saa zipatazo 21. Tulizigawa katika jioni za mwezi mmoja, baada ya kusahihisha madaftari.

Ugumu ulidhihirika mapema. Kitabu kilichopigwa chapa kina orodha ya maneno na maana zake mwishoni. Msikilizaji hana ukurasa wa kufunua. Mawazo ya siri ya wahusika yamechapwa kwa herufi za mlalo. Msikilizaji hutegemea mabadiliko ya sauti tu. Tena kila sura hutanguliwa na dondoo kutoka maandishi ya kubuniwa, na asiye makini hudhani kisa kimerukia kwingine. Ilitupasa kusimamisha, kurudia, na kujiuliza ni nani anenaye. Kazi hiyo ndiyo ile ile ya msomaji makini.

Lakini sikio nalo lilitulipa ujira wetu. Herbert alichota maneno mengi katika Kiarabu. Jicho likiona Muad'Dib, na alama yake ya juu katikati, hukwama. Sikio lililozoea Kiswahili husikia adabu na kuadibu. Katika Lisan al-Gaib twasikia lisani na ghaibu, ghaibu lile lile la mtoto asomaye kwa ghaibu. Usul ni jamaa ya asili. Hata hivyo, undugu wa maneno si umoja wa maana: katika riwaya hiyo Muad'Dib ni panya mdogo wa jangwani, ambaye Paul alijichagulia jina lake. Anayefuata mzizi peke yake hupotea.

Katika nchi zetu hizi za jirani, wanafunzi wengi hukutana na Kiswahili darasani kabla ya kukisikia nyumbani, nasi tumewafundisha kwa macho mno. Hupata alama nzuri za sarufi, kisha hunyamaza mbele ya mzee wa Tanga azungumzaye kwa mwendo wake. Twapendekeza basi mwalimu asome riwaya nzima ya Kiswahili kwa sauti, sura moja kila juma, majina ya wahusika yakiwa ubaoni na vitabu vikiwa vimefungwa. Wanafunzi wasimulie walichosikia, ndipo wafunue ukurasa. Wako watakaosema muda hautoshi. Lakini sura moja haizidi vipindi viwili, na mtoto asiye na nakala yake atakuwa amekimaliza kitabu pamoja na wenzake.