Jiko la Mlima wa Kenya

Wengi waupandao Mlima wa Kenya hurudi wakisimulia habari za barafu, baridi na majabali. Ni wachache wasimuliao habari za sufuria. Walakini, waulizwe watu ambao kazi yao ni kupanda na kushuka mlima huo mwaka hata mwaka, nao watasema kwamba safari huharibika jikoni kabla ya kuharibika njiani, na kwamba mgeni hupandishwa na mpishi wake kama anavyopandishwa na miguu yake mwenyewe.

Jambo hilo lilijulikana tangu mwanzo. Mwaka 1899, Mwingereza Halford Mackinder alipofika huko na msafara wake mkubwa wa wapagazi, njaa kali ilikuwa imeenea katika nchi zilizo chini ya mlima, hata chakula cha kununua kikakosekana. Ikawa lazima kutuma watu mpaka Naivasha kutafuta posho. Mnamo tarehe 13 Septemba, yeye pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel walisimama juu ya Batian, kilele kikubwa kuliko vyote, chenye mita 5,199; lakini njaa ilikuwa imekaribia kuwarudisha nyuma kabla ya barafu. Tena mwaka 1943, wafungwa watatu wa vita wa Kiitaliano, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka katika kambi yao ya Nanyuki kusudi wapande mlima kisha warudi. Posho yao waliidunduliza kidogo kidogo, na picha mojawapo iliyowaonyesha umbo la mlima ilikuwa ile iliyochapwa juu ya karatasi ya kopo la chakula. Wawili kati yao walifika Lenana na kusimika bendera. Lakini waliporudi kambini, baada ya siku kumi na nane, njaa ilikuwa imewadhoofisha kabisa.

Njia mojawapo ya kupanda mlima huanzia Naro Moru, mji mdogo ulioko kati ya Nyeri na Nanyuki. Hapo ndipo mpishi afanyapo kazi yake ya kwanza, nayo ni kazi ya sokoni. Safari moja ya mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, ilikuwa na wageni wanne kutoka Nairobi, kiongozi mmoja, wapagazi kadha wa kadha, na mpishi, mzee wa miaka hamsini na zaidi aliyeanza kuujua mlima akiwa mpagazi. Pamoja nao alikuwamo kijana mmoja ambaye hajapata kupanda, naye alitamani sana kujifunza upishi.

Mzee alimpa kijana fedha, akamtuma akanunue viazi, kabeji, vitunguu, tangawizi, unga wa mahindi, na githeri iliyokwisha kuchemshwa. Kijana alipofika sokoni aliona kwamba maharagwe makavu ni rahisi kuliko yale yaliyopikwa, akayanunua hayo, akafurahi kuwa amemwekea mzee wake akiba ya shilingi chache. Mzee alipofungua gunia alitazama, akanyamaza, akaongeza nyama na kabeji kwa fedha zake. Kisha mizigo ikapimwa kwa mizani, kila mpagazi akapewa wake.

Siku ya kwanza njia hupita katika msitu mnene wenye mianzi, na nyayo za nyati na tembo huonekana matopeni. Jioni msafara ulifika penye vibanda viitwavyo Met Station, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Hapo adui wa mpishi ni kima na nyani. Hukaa mitini wakiangalia kama walinzi wa mlango, na mara mtu akigeuza uso, mkate umekwenda. Kwa hiyo mzee alifunga kila kitu ndani ya masanduku kabla hata ya kuwasha jiko.

Siku ya pili ndiyo ngumu. Msitu huisha, na njia huingia katika bwawa la majani lililoinama kama paa la nyumba, ambalo wapandaji hulilaani kila siku. Baada ya bwawa hilo huja Bonde la Teleki, lililopewa jina la Mhangari, Sámuel Teleki, aliyefika huko mwaka 1887. Nchi hiyo ni ya ajabu. Lobelia husimama wima kama mikuki ya jeshi, na senesio, yenye shina nene na kichwa cha majani mapana, humfanya mgeni adhani kwamba ameona watu wakimngojea katika ukungu. Mwisho wa bonde, chini ya vilele vyenyewe, kuna kambi ya Mackinder, mita 4,200.

Hapo kijana alimwomba mzee ruhusa ya kuwapikia wapagazi wenzake. Mzee alikubali. Kijana akatia maharagwe sufuriani, akawasha jiko la gesi, akakaa mkao wa mpishi. Maji yalichemka upesi, hata akajisifu. Saa moja ikapita, na ya pili, na ya tatu. Maji yakizidi kutokota, na maharagwe yakizidi kuwa mawe.

"Mzee," alisema mwishowe, "maharagwe haya yamerogwa. Maji yanachemka, lakini hayaivi."

"Hayakurogwa, kijana wangu. Tia kidole karibu na mvuke uone. Maji ya huku hupiga kelele nyingi, lakini moto wao ni mdogo."

Maneno hayo ya mzee ni ya kweli, na sababu yake yafaa ifahamike. Hewa ina uzito, nao huyakandamiza maji yaliyomo sufuriani. Pwani, ambapo uzito huo ni mwingi, maji hayachemki mpaka yafikie nyuzi 100 za joto. Kadiri mtu apandavyo, hewa hupungua, na maji huchemka mapema zaidi: upungufu ni kama uzi mmoja kwa kila mita 300. Mjini Nairobi huchemka karibu na nyuzi 94. Met Station karibu na 90. Na katika kambi ya Mackinder karibu na 86 tu. Moto ukiongezwa, maji hayapati joto zaidi, bali hugeuka mvuke na kwenda zake. Ndiyo sababu maharagwe makavu na nyama ngumu huweza kumaliza gesi yote bila kulainika, na chai hukosa ukali wake. Unga wa ugali hauhitaji joto jingi hivyo, kwa hiyo ugali huiva. Mafuta nayo hayafuati sheria ya maji. Yakiwa kikaangoni hupata joto lile lile kama ya nyumbani. Basi mpishi mwenye akili huyachemsha magumu akiwa bado chini, na huko juu hukaanga vitu vilivyokatwa vidogo vidogo, au hutumia sufuria ya presha, ambayo huufungia mvuke ndani na kuyarudishia maji joto lake.

"Zima jiko," mzee alimwambia kijana. "Gesi hiyo unayoichoma ni chai ya saa saba ya usiku."

Akachukua kikaango, na kwa muda mfupi wapagazi wakapata ugali, kabeji, na nyama iliyokatwa vipande vyembamba. Hakuna aliyemcheka kijana zaidi ya kiasi, kwa kuwa wengi wao walikuwa wamekwisha kufanya kosa kama hilo. Pimbi, wanyama wadogo wenye manyoya wakaao mawe ya kambini, walikuja mpaka miguuni pa watu kuomba fungu lao, na wasipopewa, kuiba.

Kuna aliyeuliza kwa nini msiwashwe moto wa kuni, watu waote na maharagwe yaive polepole usiku kucha. Zamani wasafiri walifanya hivyo. Lakini mimea ya huko juu hukua polepole mno kwa ajili ya baridi, na gogo liunguzwalo kwa jioni moja lilichukua miaka mingi kuwa gogo. Tena majani makavu ya kiangazi hushika moto kama karatasi. Mwezi wa Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa za mlima, na mwaka 2019 nyasi za juu zikaungua tena. Hatari nyingine imo ndani ya hema lenyewe. Mtu aonaye baridi hushawishika kuingiza jiko na kufunga mlango. Lakini jiko lililofungiwa, hasa la makaa, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na alalaye nayo huenda asiamke. Mzee hupikia katika hema la jiko peke yake, na mlango wake huwa wazi, hata upepo ukivuma namna gani.

Kijana alipomaliza kula alikusanya sufuria, akashika njia ya kijitoni ili azioshe. Mzee akamwita.

"Unakwenda wapi?"

"Kuosha vyombo, mzee."

"Chota maji, uje uoshee huku mbali, na maji machafu uyamwage mchangani. Mto huu ndio Naro Moru. Maji unayotaka kuyatia masizi ndiyo anayoteka mama yako kesho."

Kijana hakuwa na la kujibu, maana ni kweli. Mto Naro Moru hutoka katika bonde hilo, hupita mjini, kisha hujiunga na Ewaso Nyiro uendao nchi kavu za kaskazini. Upande wa pili wa mlima, mito mingine huteremka kuingia Tana. Kwa hiyo aliyesimama na sufuria chafu kambini amesimama juu ya mtungi wa watu ambao hatawaona kamwe.

Sahani za wageni ziliporudi, mzee hakuzitia majini mara moja. Alizitazama moja moja, kama karani atazamavyo barua. Tatu zilikuwa tupu. Ya nne, ya mwalimu mmoja mwanamke aliyekuwa mwenye nguvu na mzaha kuliko wote tangu Naro Moru, ilikuwa haikuguswa, na kikombe chake cha supu kilikuwa kimejaa. Mzee akamwita kiongozi kando.

"Mwalimu hakula."

"Amechoka tu, mzee. Bwawa lile humchosha kila mtu."

"Mchana pia hakula. Mtu aliyechoka hula. Nenda ukamwulize habari za kichwa."

Kiongozi akaenda. Mwalimu mwanzoni alikana, kwa kuwa alikuwa ameweka nia ya kuliona jua likichomoza kutoka Lenana, mita 4,985. Lakini mwisho alikiri kwamba kichwa kilimgonga tangu adhuhuri, na kwamba ametapika nyuma ya mawe ili asionekane. Huo ndio ugonjwa wa mlima, uletwao na uchache wa hewa. Huweza kumpata mwenye nguvu kama dhaifu, na mara nyingi dalili zake za mapema ni kichwa kuuma na kukosa hamu ya chakula. Mtu akiendelea kupanda nao, mapafu au ubongo huweza kuvimba, na kifo hakiko mbali. Dawa yake ya hakika ni kushuka.

Mwalimu alilia. "Nimejiandaa mwaka mzima," alisema, "na kilele kile pale nakiona kwa macho."

"Mwalimu," mzee alimjibu kwa upole, "kilele hakihami. Kitakungojea. Sisi tunataka uwe na miguu ya kurudia."

Jioni ile ile, kungali na mwangaza, aliteremshwa polepole mpaka Met Station pamoja na mpagazi mmoja na yule kijana, aliyepewa jiko dogo, unga na tangawizi. Wengine walilala mapema. Saa saba ya usiku mzee aliamka, akavunja barafu juu ya ndoo, akawapikia wenzao chai na uji kwa gesi ile iliyonusurika na maharagwe. Na saa tisa wakaondoka na taa zao. Walifika Lenana jua likichomoza. Wakati huo mzee alikuwa akikusanya makopo na maganda na kuyafunga katika gunia, kwa kuwa kilichopanda sharti kishuke.

Alasiri, msafara ulipofika Met Station, mwalimu alikuwa ameketi juani mbele ya kibanda. Uso wake ulikuwa umerudiwa na damu, na alikuwa akimtania kijana kwa habari ya maharagwe yake. Mzee alimsalimu, akamwuliza hali yake, naye akajibu kwamba hajambo kabisa. Walakini mzee hakuridhika kwa maneno. Alipita nyuma ya kibanda, mahali kijana alipokuwa anaosha vyombo mbali na maji ya kunywa, akamwuliza kwa sauti ya chini:

"Sahani yake ilirudi namna gani?"

"Tupu, mzee," kijana alijibu. "Na aliomba ugali mara ya pili."

Ndipo mzee akaketi, akaivua kofia yake, akaomba na yeye apewe chai.