Cooperstown, kijiji kilichojulikana sababu ya barua moja

Leo tunawapeleka mbali. Kamata karte ya Marekani, tafuta muji wa New York pale kwenye bahari, kisha pandisha kidole kaskazini. Kwa mutokari ni karibu saa ine. Njia inapita kati ya vilima na mashamba ya ngombe, na kwenye mwisho unakuta ziwa refu na jembamba, jina lake Otsego. Muto Susquehanna unatokea pale. Pembeni ya maji kuko kijiji cha Cooperstown, chenye watu wasiotimia 2 000. Ni kidogo kuliko mitaa mingi ya makampani huku kwetu. Lakini kila mwaka watu maelfu wanakuja kule, baba na watoto wao, wamevaa kofia za timu zao.

Wanafuata nini? Besiboli. Kama haujaona muchezo huu, sikia kwa kifupi. Mutu mumoja anatupa kampira kadogo kagumu kwa nguvu yote, mwenzake anakangojea na fimbo nene ya muti. Akikapiga vizuri, anakimbia kuzunguka vituo 4 vilivyopangwa mu uwanja. Akikapiga mpaka kavuke lupango, anazunguka polepole, hakuna wa kumusumbua. Wamarekani wengi wanaupenda sawa vile sisi tunapenda mupira wa miguu. Na mu Cooperstown, kwenye barabara kubwa, kuko nyumba ya matofali mekundu inayoitwa Nyumba ya Heshima ya besiboli. Ilifunguliwa tarehe 12/6/1939.

Waliijenga pale sababu walisema besiboli ilizaliwa pale, mwaka wa 1839. Njo ajabu ya kwanza: haikuzaliwa pale.

Habari yote ilitoka kwa mutu wa migodi. Mu mwaka wa 1905, tajiri mumoja mwenye kuuza vyombo vya michezo, Albert Spalding, alichoka kusikia kama besiboli ilitoka Uingereza. Rafiki yake Henry Chadwick, mwandikaji wa magazeti aliyezaliwa kule Uingereza, alisema hivyo kila wakati. Basi kukawekwa komisyo ya kutafuta ukweli, na watu wakaombwa kutuma ushuhuda. Abner Graves, injenyere wa migodi wa Denver, alisoma habari ile mu gazeti, akakamata karatasi. Aliandika kwamba zamani, wakati alikuwa mutoto Cooperstown, kijana mumoja jina lake Abner Doubleday aliwafundisha muchezo huu, akachora uwanja mu bulongo na kijiti.

Doubleday huyo nyuma yake alikuwa jenerali, mutu wa sifa mu vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Hebu fikiri furaha ya Spalding! Besiboli ilipata baba, tena baba Mumarekani, tena jenerali. Mukubwa wa komisyo, Abraham Mills, alikuwa rafiki ya jenerali. Mwisho wa mwaka 1907 wakatangaza: ndiyo, ni Doubleday, Cooperstown, 1839.

Wangemuuliza mwenyewe? Alikuwa amekufa tangu 1893. Aliacha maandishi mengi sana, lakini hakuandika hata mara moja kama yeye ndiye alianzisha besiboli. Mu mwaka wa 1839 alikuwa kijana wa masomo ya askari kule West Point. Na Graves? Mwaka ule alikuwa mutoto wa miaka 5. Wewe musomaji, unakumbuka nini ya miaka yako 5? Muzee Graves mwenyewe alimaliza vibaya: mu 1924 aliua bibi yake, wakamufungia mu hospitali ya wagonjwa wa akili, akafia mule.

Leo hii hata wenye Nyumba ya Heshima wanakubali kwamba ile ni hadisi tu. Besiboli ilikua polepole kutoka michezo ya watoto. Mu muji wa Pittsfield, jimbo la Massachusetts, walikuta sheria ya mwaka 1791, karibu miaka 50 mbele ya ile ya Graves, inayokataza watu kucheza besiboli karibu na nyumba mupya ya mikutano, mule watu walisali. Ilipaswa kuwa mbali metre 70 na zaidi. Juu ya nini? Juu ya kuchunga vioo vya madirisha. Mama wengi wa huku wataelewa sheria ile mara moja.

Ukiingia ndani, utaonyeshwa kampira kamoja ka zamani, kalikopasuka, vitambaa vinaonekana tumboni. Kalikutwa mu sanduku, mu nyumba moja karibu na kijiji, wakasema ni ka wakati wa Graves na Doubleday. Bwana Stephen Clark alikanunua kwa dola 5 paka. Feza za jamaa ya Clark zilitoka wapi? Zilitoka ku mashini za kushona za Singer, zile zile nyeusi ambazo labda nyanya yako alikuwa nayo. Hapa ninacheka kidogo: feza ya mashini ya kushona ilijenga nyumba ya heshima ya mupira ambao mpaka leo hakuna mashini inayoushona. Kila mupira wa ligi kubwa unashonwa na mikono ya watu, kule Costa Rica, mishono 108 ya uzi wa mara mbili. Kisha, mbele ya kuuchezea, wanaupakaa potopoto yenye kuchotwa pembeni ya maji kule New Jersey, ili usiteleze mu mukono. Ndiyo, potopoto nayo inauzwa!

Sasa ingia mu chumba kikubwa, chenye vibao vya shaba ukutani. Kila kibao ni uso wa mutu na maneno machache. Usitafute kibao cha Doubleday, hakiko. Walimupa kijiji na uwanja wenye jina lake, lakini hawakumuchagua kuingia.

Tafuta cha Josh Gibson. Alizaliwa mu 1911 kule Georgia, na wazazi wakahamia Pittsburgh sababu baba yake alipata kazi mu kiwanda cha chuma. Timu yake ya Homestead Grays nayo ilianzishwa na Weusi wafanyakazi wa chuma. Kibao kinasema alipiga mupira ukavuka lupango karibu mara 800. Watu maelfu waliona na macho yao. Lakini alikuwa Mweusi, na ligi kubwa zilifunga mulango kwa Weusi. Alikufa mu Januari 1947, miaka 35. Tarehe 15/4 ya mwaka ule ule, Jackie Robinson aliingia mu timu ya Brooklyn, na mulango ukafunguka.

Hata hapa Cooperstown haikuwa rahisi. Mu 1971, walipochagua mutupaji Satchel Paige, waliwaza kwanza kuweka Weusi wa ligi zao mu kipande chao peke yao. Watu wakakasirika, wakabadilisha. Paige huyo, mu 1965, akiwa na miaka 59, alitupa vipindi 3 mu ligi kubwa, na adui hawakupata pointi hata moja. Mbele ya kuanza walimukalisha kwenye kiti cha wazee, na muganga mwanamuke pembeni yake.

Gibson aliingia mu 1972. Hesabu zake zilikawia zaidi. Mpaka mu 2024 ndio ligi kubwa iliunganisha hesabu za ligi za Weusi na zake. Walipojumlisha, Gibson alikuwa na mapigo mazuri 372 kwa 1 000. Ty Cobb, ambaye wazee wote walijua kama wa kwanza, alikuwa na 367.

Barua ya mutu mumoja, komisyo iliiamini kwa miaka miwili na kidogo.

Kama uko na siku ingine, endelea na njia mpaka Pittsburgh, kwenye makaburi ya Allegheny. Gibson analala kule. Kaburi lake lilikaa pasipo jiwe la jina mpaka mwaka 1975, miaka 3 nyuma ya kile kibao cha shaba.