Kualika Wageni wa Arusi Huko Myanga

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni watu wa shamba, au ni watu wa ofisi ambao wazee wao wangali shamba. Kwa hiyo nadhani ni wachache ambao hawajapata kutuma mtu, au kutumwa wenyewe, kwenda kualika wageni wa arusi. Kazi hiyo yaonekana nyepesi, na mimi nami niliidhania hivyo mpaka ilipoharibika mikononi mwangu. Basi napenda kuwaelezeni safari zangu kati ya Kitale na Myanga, na jambo nililojifunza njiani, ili kila mwenye kuozesha mtoto apate faida kwa kosa langu.

Kwanza niwaambie habari za Myanga, kwa faida ya wale wasiopajua. Myanga ni katika nchi ya Wabukusu, wilayani Bungoma, ambayo siku hizi huitwa kaunti, upande wa kuelekea mpaka wa Uganda. Wasafiri wa zamani walipajua kwa sababu ya stesheni yake, maana njia ya reli itokayo Nakuru, ikapita Eldoret na Bungoma na kwenda Tororo, hupita hapo. Reli hiyo ilifika Kampala mwaka 1931. Wazee wa kwetu husimulia kwamba walipokuwa vijana wenye arusi walikwenda kungoja wageni wao stesheni, na treni ikichelewa, arusi nayo ilichelewa. Siku hizi wageni huja kwa matatu, kisha humalizia safari kwa boda boda, chombo ambacho jina lake lilizaliwa katika mpaka wa Busia, si mbali na kwetu.

Nchi yenyewe ni ya mashamba madogo madogo yaliyopakana kwa ua wa miti. Utaona mahindi na maharagwe, mihogo, viazi vitamu na wimbi, na katikati yake mashamba ya miwa. Asubuhi kukiwa hakuna mawingu, waweza kuuona Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Lakini mchana mawingu hukusanyika, na mara nyingi mvua hunyesha alasiri. Mwenye arusi akisahau jambo hili, wageni wake watakula wakiwa wamelowa.

Jambo la kwanza katika kualika ni kuchagua siku, na katika nchi ya wakulima siku haichaguliwi kwa kalenda ya ukutani tu. Mwezi wa Machi hapana mtu wa kuja arusini, maana mvua zimeanza na kila jembe liko shambani. Miezi ya palizi ni vivyo hivyo. Mwezi wa Agosti ni mzuri, kwa kuwa shule zimefungwa na mahindi ya Myanga yako karibu kuvunwa. Walakini kila mwaka ugawanyikao kwa mbili, Agosti ni ya tohara ya vijana wa Kibukusu, na nyumba nyingi zina wageni wao wenyewe. Kwa sababu hiyo sisi tulichagua Desemba. Tena tulikuwa na sababu nyingine. Nusu ya jamaa zetu hukaa Trans Nzoia, karibu na Kitale. Huko ni juu zaidi, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na mahindi hukawia kukauka. Mpaka Novemba wakulima wa huko wangali wakivuna na kupukusa. Ukiwaalika kabla ya hapo, hawawezi kuja, wala huwezi kuwalaumu.

Arusi ilikuwa ya binti wa kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayekaa katika shamba la baba yetu huko Myanga. Mimi ni karani katika mji wa Kitale. Kaka yangu aliniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiwe mtu wa kalamu katika nyumba hii. Kazi ya kualika nakuachia wewe." Nilifurahi sana. Nilipiga chapa kadi 200 zenye maua pembeni, nikazigawa. Kwa wale wa mbali nilituma picha ya kadi kwa simu, nikaanzisha na kikundi cha WhatsApp, ambamo kamati ya arusi iliandika kila siku majina ya waliotoa michango na kiasi walichotoa. Baada ya juma moja niliona kwamba kazi yangu imekwisha.

Majuma manne kabla ya arusi nilikwenda Myanga kuona maandalizi. Nilipanda matatu asubuhi pale Kitale, tukapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hata tukafika Webuye, kisha tukashika njia ya Bungoma. Nilikuwa nimevaa koti, nami nilijiona mtu aliyetimiza wajibu wake.

Nyumbani nilimkuta kaka yangu chini ya mwembe pamoja na wazee watatu wa ukoo. Tuliamkiana kwa "Mulembe", nikapewa kiti na uji. Kisha kaka yangu akaniuliza neno moja tu: "Nani alikwenda kwa mjomba wa binti?"

Nilimjibu kwamba mjomba alipelekewa kadi kwa simu ya mjukuu wake. Wazee walinyamaza. Mmoja alitazama mbali shambani kama mtu aliyesikia habari ya msiba. Kaka yangu akasema polepole, "Huyo mzee anakaa Kiminini. Leo asubuhi umepita mbele ya lango lake."

Wasomaji, ilikuwa kweli. Mzee huyo alihamia Trans Nzoia wakati mashamba ya walowezi yalipogawanywa baada ya Uhuru wa 1963, na shamba lake liko karibu na barabara ile ile niliyoipita. Mimi nilikuwa jirani yake kuliko mtu yeyote wa nyumba yetu, na sikumwendea.

Kwa wasio Wabukusu yafaa nieleze uzito wa jambo hili. Mjomba wa binti, yaani ndugu wa mama yake, ambaye kwa lugha yetu huitwa khocha, si mgeni kama wageni wengine. Katika mahari ana ng'ombe wake. Baraka yake hutakiwa, na akiwa na kinyongo, watu huona kwamba binti ameondoka na mguu mmoja tu. Tena mama wa binti angekaaje mbele ya watu siku ile, ikiwa hapana hata mtu mmoja wa kwao? Shemeji yangu alikuwa jikoni, na alikuwa amekwisha kusikia mazungumzo yetu. Hakusema neno. Aliniletea maji ya kunawa bila kunitazama usoni, nami niliona haya kuliko kama angenigombeza.

Kesho yake nilirudi kwa njia ile ile, nikashuka Kiminini. Mzee alinipokea kwa heshima. Alinipa chai, akaniuliza habari za mahindi, bei ya mbolea, na afya ya kaka yangu. Nilipokwisha kusema haja yangu, na kuomba radhi, alicheka kidogo, akasema:

"Shemeji, mimi sina hasira. Mmealika simu ya mjukuu wangu, nayo imekubali. Siku ya arusi simu itakuja."

Nilikosa la kusema. Mwishowe aliniambia, "Rudi, kisha uje na kaka yako. Mtoto hatolewi na mtu mmoja, na mwaliko wa mtoto hauletwi na mtu mmoja."

Basi baada ya siku tano tulikwenda watu watatu: kaka yangu, mzee mmoja wa ukoo, na mimi. Kaka yangu alifunga safari hiyo ingawa mguu ulikuwa ukimwuma. Hatukuchukua kadi. Tulizungumza tangu saa nne mpaka saa tisa, na kwa muda mrefu arusi haikutajwa. Ilitajwa habari ya mama wa binti alipokuwa mdogo, na jinsi alivyotoka nyumbani kwao, na ng'ombe mmoja wa mahari yake ambaye alikuwa hajalipwa hata siku ile. Jambo hilo la ng'ombe lilikuwa limelala zaidi ya miaka ishirini, na lilimalizwa pale pale kwa maneno ya amani na ahadi mbele ya mashahidi. Ndipo mzee akachinjisha kuku, nasi tukajua kwamba amekubali, maana katika nchi yetu mgeni ambaye hakupewa kuku hajapokewa. Njiani kaka yangu alisema, "Kadi yako isingeweza kuzungumza habari ya yule ng'ombe."

Tangu siku ile niliacha kutazama simu, nikaanza kumtazama kaka yangu jinsi alivyoalika watu wa Myanga wenyewe. Niliona kwamba kuna daraja zake. Kwanza alikwenda kwa wazee wa ukoo, nyumba kwa nyumba, akianzia kwa aliye mkubwa hata kama ni maskini. Kisha alimwarifu mzee wa mtaa, na baadaye kanisani, ambako ndoa ilitangazwa. Kisha shemeji yangu naye aliwaendea wanawake majirani. Lakini hao hawakualikwa kula. Waliombwa kazi: huyu alete kuni, yule achote maji, wale wasage wimbi na mahindi, wengine wachambue mboga, na wenye sufuria kubwa waziazime. Nilipouliza, shemeji yangu alinijibu, "Mtu uliyemwita kwa kazi hawezi kukosa kuja kula. Mtu uliyemwita kula tu, aweza kusema ameshiba."

Hapo ndipo nilipofahamu kosa la pili. Katika kile kikundi chetu cha simu, majina ya waliochanga yalisomwa na watu wote. Jirani mmoja, mwanamume mwenye watoto wengi na shamba dogo, alikuwa ameamua kutokuja, kwa kuwa jina lake halikuwamo. Alidhani kwamba mchango ndio tikiti ya kuingilia. Kaka yangu alimwendea jioni, akamwomba jambo moja: asimamie zizi na kuchagua fahali wa kuchinjwa, maana hapana ajuaye ng'ombe kama yeye. Mtu huyo alifika alfajiri ya siku ya arusi kabla ya watu wote.

Arusi ilikuwa njema. Ibada iliisha mapema, na hotuba zilikatwa kabla ya mawingu kushuka. Watu walikula nyama, kuku, ugali wa wimbi, wali na chapati. Wazee walikaa kando penye chungu cha busaa na mirija yao mirefu. Litungu lilipigwa, na vijana wakacheza kamabeka, mabega yakitikisika mpaka vumbi likapanda. Kadi 200 nilizopiga chapa sikuona mtu aliyekuja nazo mkononi isipokuwa watu wachache wa mjini. Waliokula walikuwa zaidi sana ya hao, na hapana aliyewahesabu.

Khocha alikuja na watu kumi na wawili kutoka Kiminini. Alipoinuka kumbariki binti, mama wa binti alilia, kisha akanitazama, na safari hii alicheka. Mzee alipokwisha kusema maneno yake, alinyosha kidole kwa mjukuu wake na kusema mbele ya watu wote, "Na simu nayo nimekuja nayo, kwa kuwa ilialikwa kwanza." Watu walicheka sana, nami nilicheka pamoja nao, ijapokuwa masikio yangu yalikuwa moto.

Sisemi kwamba kadi na simu ni vitu vibaya. Karani mwenzangu wa Nairobi au Mombasa hawezi kufuatwa kwa miguu, na kwake simu yatosha. Hata Serikali huheshimu taarifa: kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, wanaotaka ndoa ya kiserikali humpelekea msajili taarifa ya maandishi siku 21 kabla, au zaidi. Lakini msajili hukaa ofisini na kungoja karatasi. Mjomba, shangazi, mzee wa ukoo na jirani hukaa nyumbani na kungoja mtu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukijaliwa kuozesha mtoto, kabla ya kwenda kwa mpiga chapa chukua karatasi tupu, uandike majina ya wale wenye sehemu katika mtoto huyo: waliomzaa mama yake, waliomlea, waliochunga ng'ombe wa mahari, na waliosaidia nyumba yako wakati wa njaa na wa msiba. Hao waendee kwa miguu yako, tena mapema, na kama kuna neno la zamani lililolala kati yenu, liamshe mlimalize. Kisha uwaombe majirani kazi kabla ya kuwaomba fedha. Ukiisha kufanya hayo, basi piga chapa kadi zako, na maua pembeni ukipenda.