Bumu Limeishia Studio

Najua nimepotea hapa, wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko bwana. Nilikuwa narekodi albamu.

Tuko wanne, wote wa SUA, tunapiga roki ya Kiswahili ambayo mashabiki wake hapa Moro wanaenea kwenye daladala moja na viti vinabaki. Studio tuliyopata ni chumba cha uani kule Mafiga: ukutani trei za mayai, mlangoni godoro. Hela ilitosha siku mbili tu, na nusu yake ni bumu langu la msosi. Halafu mpiga dramu wetu ndio anamaliza chuo, Jumatatu anarudi kwao Mbeya. Kwa hiyo hakuna cha "tutamalizia wiki ijayo".

Siku ya kwanza tulirekodi mmoja mmoja, kama prodyuza alivyotaka. Mpaka jioni tuna wimbo mmoja na nusu, vyote vimepoa kama ugali wa jana. Umeme nao ukakatika. Tukarudi hosteli kwa miguu, hakuna anayemsemesha mwenzake.

Usiku sikulala, nikawa nawaza. Mji huu huu ndio wa Morogoro Jazz iliyoanza 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Mbaraka Mwinshehe alicharaza gitaa hapa chini ya Uluguru kabla hajaanzisha Super Volcano mwaka 1973. Enzi zile bendi ikiingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam wanapiga wote kwa pamoja, maiki za kuhesabu, mmoja akiharibu mnaanza upya. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Kenya, Januari 1979, na mpaka leo ukipita baa za mjini unamsikia.

Asubuhi nikawaambia wenzangu: leo tunapiga wote pamoja. Prodyuza akacheka, akasema shauri yenu.

Jamani, chumba kilichemka! Nyimbo nne kabla ya saa kumi. Ndipo mama akapiga simu. "Umekula mwanangu?" Nikamwambia nimekula, niko maktaba. Sijala, na maktaba siioni hata kwa mbali. Mpiga dramu alisikia yote. Hakusema kitu, akakata chapati yake katikati akanipa nusu.

Wimbo wa mwisho tuliupiga mara moja tu, muda ukaisha. Kwenye solo nimekosea, mtasikia wenyewe. Nilitaka kurudia, hela hamna.

Jumatatu alfajiri tulimsindikiza jamaa Msamvu. Basi lilipotoka alitugongea dirisha kwa mdundo wa wimbo ule ule.

Sasa nipo geto, nakula mihogo mpaka bumu lijalo. Mama bado hajui. Nikienda likizo, nianze kumsikilizisha albamu au nianze kumwambia ukweli? Nishaurini wadau.