Mzee Wetu Alivuka Ziwa

Kwa miaka mingi, mtu akiniuliza asili yangu nilijibu upesi: Kazimia. Nilisema kweli, ila nilijibu haraka ili asiulize swali la pili. Kwetu Fizi, mashariki mwa Kongo, shamba likigombaniwa, kuitwa "wa kuja" kunaweza kumng'oa mtu kwenye muhogo alioupanda kwa mikono yake. Nami nilijua tangu utotoni kwamba baba wa babu yangu alitoka ng'ambo, Ujiji, akavuka Ziwa Tanganyika, akaoa huku. Nyumbani habari hiyo ilisemwa kwa sauti ya chini, na sisi watoto tulikatazwa kuitoa nje.

Aliyenifungua ni mtoto wa dada yangu, anayeishi Marekani. Wenzake kazini walimwonyesha majina ya mababu zao katika orodha za abiria wa meli zilizofika New York. Kisiwa cha Ellis peke yake kilipokea wahamiaji zaidi ya milioni 12 kati ya 1892 na 1954, na leo mtu anawatafuta kwa simu. Akanipigia usiku: "Mjomba, na sisi tumtafute mzee wetu. Si alikuja na ile meli ya Wajerumani?"

Ndivyo ukoo wetu ulivyosimulia, kwamba alikuja na Liemba. Nikaanza kuipima hadithi hiyo kwa miaka. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepamba moto. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, adui asiipate. Waingereza waliiopoa 1924, na ikarudi kazini 1927 ikiitwa Liemba.

Nikaenda kwa shangazi, ambaye kwa umri ametupita sote. Nilimkuta akitandaza ndagala juani. Hakuacha kazi, akahesabu vizazi huku akitupa pembeni samaki waliovunjika. "Ile vita ya Wazungu ilimkuta mzee hapa hapa, ana wake wawili," alisema. "Meli mmeiongeza ninyi. Mzee alikuwa mpiga kasia."

Mpiga kasia! Niliposikia hivyo nilielewa kwa nini hakuna orodha itakayomtaja. Mwaka 1858 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakapita rasi ya Ubwari, wakafika Uvira. Majina yao dunia nzima inayajua, na ghuba yetu ya Baraka bado inaitwa ya Burton kwenye ramani. Waliowavusha ni watu wa kasia, kama mzee wetu, na nani leo anaweza kuwataja mmoja mmoja? Jambo hilo liliniuma. Njia ya maji kati ya Ujiji na Ubwari ilikuwa ya watu wetu kabla ya meli yoyote, na mimi niliona aibu kuwa mtoto wa njia hiyo.

Nikaendelea kupekua hata hivyo, na katika sanduku la marehemu mama nikakuta karatasi zetu wenyewe. Mwaka 1996 vita vilipofika, tulipanda boti usiku, tumebanana, hakuna aliyeandika jina la mtu. Tulishukia Kibirizi, karibu na Kigoma, tukapelekwa kambi ya wakimbizi ya Lugufu. Huko ndiko tulikoandikwa: mkuu wa familia, watoto, jinsia, kijiji tulikotoka. Asiyejua siku yake ya kuzaliwa aliandikiwa 1 Januari, hivyo karibu nyumba nzima tumezaliwa siku moja. Chini ya karatasi hizo palikuwa na karatasi ya kurudi, Kigoma hadi Baraka, kwa meli ya Mwongozo, majina yetu yamepangwa kwa mstari.

Nilikaa chini. Orodha ya abiria niliyokuwa naitafuta kwa ajili ya mzee ilikuwa yangu mimi. Ng'ambo kule, miaka yote ile, wa kuja nilikuwa mimi, na wenyeji wa Kigoma walinikodisha mashamba yao nikalima.

Tangu siku hiyo sijaficha tena. Mwaka jana familia moja ya Warundi, kati ya hao waliokimbilia kwetu tangu 2015, iliomba kukodi kipande cha shamba. Mbele ya chifu mtu mmoja akasema wa kuja wasipewe udongo. Nikasimama, nikasema baba wa babu yangu alikuja hapa akipiga kasia kutoka Ujiji, na mimi mwenyewe nimekula posho ya ukimbizini. Kama wa kuja hawalimi, waanze kuninyang'anya mimi. Walinitazama kwa mshangao, hasa wazee waliokuwa wakijua siku zote. Hakuna aliyeninyang'anya kitu. Familia ile ilipewa kipande kwa mkataba wa mavuno, na mimi nikaweka kidole changu kama shahidi.

Shangazi, aliposikia, aliniita. Amenitajia majina mawili ya waliopiga kasia pamoja na mzee. Ukoo wa mmoja wao anaamini uko Ujiji hadi leo. Mpwa wangu ametuma nauli. Ziwa likitulia navuka kwenda kuwauliza, na safari hii shangazi naye anataka kuja.