Uliza Kabla Damu Haijatolewa

Nyandira, Mgeta

Mpwa wangu mpendwa,

  Huku milimani mvua zimekuja kwa wakati, njegere zimetoa maua, na barabara ya kuteremkia Mlali imeanza kuharibika kama kila masika. Picha ya bili ya maabara uliyonitumia kwenye simu nimeipata, nimeisoma mstari kwa mstari. Uliniuliza, "Mjomba, kweli hela zote hizi ni za vipimo?" Nikaona jibu la simu halitatosha, nikachukua kalamu.

Unajua nilistaafu nikiwa karani wa dirisha la malipo hospitalini. Nilichokiona pale miaka yote ni kwamba mgonjwa na ndugu zake hulipa kwa woga. Mama anayebishana na muuza nyanya pale Soko la Mawenzi kwa ajili ya shilingi mia mbili, akifika dirishani kwangu alifungua fundo la kanga, akahesabu noti, akazipitisha bila kuuliza amelipia nini. Anaogopa kuonekana hamjali mgonjwa wake. Woga huo nataka ukutoke, maana mama yako ana kisukari, na mwenye kisukari ataingia maabara maisha yake yote.

Shika hili kwanza. Kipimo ni swali ambalo daktari anataka mwili wa mgonjwa ulijibu. Kama hakuna swali, kipimo hakina kazi. Na kama jibu lolote litakalotoka halitabadilisha dawa wala ushauri, hela hiyo heri inunue dawa. Wakati wa kuuliza ni pale daktari angali anaandika. Damu ikishaingia kwenye kichupa, deni limeshazaliwa: kitendanishi kimetumika, mtaalamu amefanya kazi yake, na hakuna mhasibu atakayekurudishia kitu. Mwambie kwa adabu, "Daktari, naomba unieleze kila kipimo kinatafuta nini, na kipi kinaweza kusubiri." Daktari anayeijua kazi yake hachukii swali hilo. Halafu uliza bei ya kila kimoja, si jumla peke yake, maana ndani ya jumla ndimo mambo yanamojificha.

Sasa tuje kwenye karatasi yako. Mama alikuwa na homa na uchovu. Mstari wa pili umeandikwa MRDT, wa tatu B/S. Vyote viwili ni vya malaria: cha kwanza ni kile cha haraka cha tone la damu kwenye kidole, cha pili ni damu iliyopakwa kwenye kioo ikaangaliwa kwa darubini. Kuna sababu ya kweli ya kufanya vyote. MRDT inaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo aliyetibiwa karibuni anahitaji darubini. Lakini mama yako hakuwa ametibiwa malaria karibuni. Hapo ulikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mnalipia mara mbili.

Mstari uliofuata ndio ulionikera: Widal. Hicho ndicho kipimo kinachowapa watu wetu "taifodi" kila wakiumwa kichwa. Kilibuniwa na Mfaransa Georges-Fernand Widal mwaka 1896, na kinachotafuta si bakteria mwenyewe, ni kingamwili ambazo mwili ulizitengeneza. Kingamwili hizo hubaki muda mrefu. Mtu aliyewahi kuugua taifodi zamani, au aliyepata maambukizi mengine yanayofanana nayo, anaweza kuonekana anayo leo wakati hana. Kipimo kimoja cha Widal, kilichochukuliwa siku moja, hakitoshi kusema mtu ana taifodi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara na kusubiri siku kadhaa kuona kama bakteria watatokea. Mama yako ameandikiwa 1:160, akapewa antibayotiki za wiki mbili, nazo ziko kwenye bili ya pili ambayo hukunitumia ila uliitaja. Kwa hiyo hasara haikuishia kwenye bei ya Widal, imekwenda hadi duka la dawa.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza kwa makini watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, mkoani kwetu hapa hapa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Malaria ilikuwa kwa mtoto mmoja hivi katika kila kumi. Taifodi haikufika wanne katika mia. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na mengi ya magonjwa yale yalikuwa ya virusi visivyosikia antibayotiki hata kidogo. Hao walikuwa watoto, mama yako ni mtu mzima, mizani inaweza kutofautiana. Hata hivyo, unapoambiwa "taifodi na UTI" kwa haraka kama mlivyoambiwa ninyi, uliza kwa utulivu walichokiona hasa ni nini.

Kipimo cha H. pylori cha damu, nacho kimo kwenye bili, ni cha namna ile ile ya Widal, kinaonyesha kingamwili ambazo zinaweza kuwa za zamani. Kama daktari anahofia vidonda vya tumbo, kuna kipimo cha choo kinachotafuta bakteria aliyepo sasa. Picha nzima ya damu, ile FBP, sina ugomvi nayo. Mtu mwenye homa na uchovu huenda amepungukiwa damu. Mkojo pia ni sawa.

Kwenye sukari mlipoteza safari. Mlikwenda saa nne mama akiwa ameshakunywa chai, na sukari ya asubuhi inataka mtu akae kwa muda wa saa nane hivi bila kula. Wakampima ya papo hapo, mkaambiwa mrudi kesho, mkalipa tena. Siku nyingine uliza jana yake. Kile kikubwa zaidi, HbA1c, ambacho wengine wanakiita kipimo cha miezi mitatu, hakihitaji kufunga. Kinaeleza wastani wa sukari kwa muda wa miezi mitatu hivi, kwa hiyo akipimwa leo na akatakiwa kupimwa tena mwezi ujao, ulizia sababu.

Na kuna jambo halimo kwenye karatasi, nalo limeniumiza kuliko yote yaliyomo. Kipimo cha figo hakimo. Mtu mwenye kisukari anapaswa angalau mara moja kwa mwaka apimwe kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo, kwa sababu sukari huharibu figo taratibu bila maumivu, na anayechelewa kujua huishia kwenye mashine ya kusafishia damu. Mmelipa zaidi ya laki moja, na swali moja lililokuwa la lazima halikuulizwa. Ndiyo maana nakuambia kusoma bili hakuishii kwenye kuokoa hela.

Labda unajiuliza tulifikaje hapa. Nilipokuwa kijana, matibabu ya serikali hayakuwa na malipo. Mwaka 1977 sheria ilizuia hospitali binafsi za biashara. Mwaka 1991 zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 serikali ikaanza uchangiaji wa gharama katika hospitali zake. Mambo hayo yalibadilika katika muda mfupi na hakuna aliyetufundisha kusoma bili. Maabara nyingi zilizofunguliwa baadaye ni nzuri, na zina watu waliosomea. Zipo pia maabara bubu. Ukiingia mahali, tazama ukutani kama kuna cheti cha usajili cha Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Kisipokuwepo, toka.

Nije kwenye jambo kubwa. Wewe ni mwalimu wa serikali. Kila mwezi unakatwa asilimia tatu ya mshahara kwa ajili ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, na mwajiri anaongeza nyingine tatu. Mfuko huo uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, na mwanachama anaruhusiwa kuandikisha mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Mzazi ni mmoja wa wanaoruhusiwa. Watoto wako ni wawili. Nafasi ya mama yako ipo, imekaa tupu, na wewe unalipa fedha taslimu. Mwandikishe.

Akishapata kadi, usidhani bili imekwisha. Mapokezi uliza kama wanaipokea kadi hiyo, na kama kipimo kilichoandikwa kimo kwenye kitita cha mafao. Machi 2024, NHIF ilipobadili kitita na bei zake, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wenye kadi, na wagonjwa wakajua wakiwa mlangoni. Tena usisaini fomu kabla hujasoma vipimo vilivyoorodheshwa. Kikiandikwa ambacho mama hakufanyiwa, kataa kusaini hadi kifutwe. Fedha ile ni ya walimu, wauguzi na askari wote wa nchi hii.

Kadi isipokuwa tayari, mpeleke hospitali ya serikali. Ametimiza miaka 60, na sera ya afya inawasamehe wazee wasio na uwezo, pamoja na wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano. Anayeshughulikia msamaha ni afisa ustawi wa jamii, mara nyingi yuko chumba cha pembeni ambacho watu hawakitafuti. Nenda na barua ya serikali ya mtaa. Vipimo vya VVU na vya kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali, na anayekudai hela kwa ajili hiyo mwombe risiti uone atafanya nini. Hapo Morogoro kwenu, Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Tangu mwaka 2007 wananusa sampuli zinazoletwa kutoka vituo vya afya, na wakigundua wagonjwa ambao darubini iliwakosa, maabara inathibitisha. Wapo watu waliopata tiba kwa njia hiyo wasitoe hata senti. Naona fahari kwamba kazi hiyo inafanyika chini ya milima yetu.

Kuhusu kulipa kwenyewe, hospitali ya serikali itakupa kontroo namba yenye tarakimu 12. Lipa kwa simu au benki kwa namba hiyo, na ujumbe wa uthibitisho usiufute. Usimpe mtu yeyote hela mkononi, hata akisema mtandao uko chini na foleni ni ndefu. Akishikilia, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanapatikana kwa 113 bila malipo. Maabara binafsi dai risiti ya EFD, na majibu yenyewe uyachukue kwa maandishi. Majibu hayo ni ya mama. Tafuta faili moja, yakae humo yote kwa tarehe, kwa sababu daktari wa pili asiyeyaona atarudia vyote, nanyi mtalipa vyote.

Ndugu zako wa huku nao nimewasemesha kuhusu bima. Bima ya afya ya jamii, ile CHF iliyoboreshwa, ilipoanza mwaka 2018, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na wengi hawakujiunga kwa sababu afisa mwandikishaji aliwafikia wakati wa njaa badala ya wakati wa mavuno. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023 na taratibu zinabadilika. Mimi nataka kila nyumba ya ukoo iweke kando hela ya bima siku ile ile lori la njegere linapoondoka, kabla haijapata matumizi mengine. Juzi kuna aliyesema auze mbuzi wa maziwa ili kusaidia bili ya mama yako. Nimemkataza. Mbuzi wale waliletwa Mgeta na watu wa Sokoine miaka ya themanini, na maziwa yake yamewasomesha watoto. Hauzwi mbuzi wa maziwa kwa ajili ya Widal.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayeitwa kwanza jambo likizidi uwezo. Kwa hiyo deni hili usilibebe na mume wako peke yenu, wala usinifiche bili ya pili ukidhani unanipunguzia mzigo. Nitumie. Fedha niliyokutumia leo ni ya ukoo, tumeichanga, na ni ya kumpeleka mama kwa daktari wa kisukari, si ya kurudia vipimo vya wiki iliyopita.

Kumwandikisha mama watataka kitambulisho chake cha NIDA, picha, na cheti chako cha kuzaliwa chenye jina lake. Cheti kiko kwangu tangu ulipokwenda chuo. Nimempa binamu yako anayeteremka na mzigo wa kabichi Alhamisi, atakupigia akifika Msamvu. Ijumaa kipeleke kwa afisa utumishi wa halmashauri yako, na kabla hujaondoka hapo uliza kadi itachukua muda gani. Ikitoka, kipimo cha kwanza mwombee cha figo.

Mjomba wako